Baba Yako Hali

Mjukuu wangu wa kike, anayeishi nami hapa Maili Moja, Kibaha, anafanya kazi ya kuandika. Haendi ofisini. Hukaa barazani na kompyuta yake, akaandika makala za tovuti moja ambayo sitaitaja jina, na mwisho wa mwezi hulipwa kwa simu. Asubuhi moja, mwaka juzi, nilimkuta ameduwaa mbele ya mashine yake kama mtu aliyepotewa na ufunguo. Nikamwuliza kulikoni.

"Babu, makala yangu imerudishwa. Wanasema neno korosho limo mara nne tu. Wanataka liwemo mara kumi na mbili."

"Msomaji gani huyo anayehesabu korosho?"

"Si msomaji, Babu. Ni mashine. Isipoliona hilo neno vya kutosha, haitamwonyesha mtu makala yangu."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Usiku ule nililala vibaya, kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa kijana wa miaka ishirini, niliwahi kuandika kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwapo, na gharama yake wakailipa watu wengine. Habari hiyo nitaisimulia. Ila kwanza niruhusu, ndugu msomaji, nizunguke kidogo, maana jambo hili ni kongwe kuliko kompyuta, na sehemu ya mizizi yake iko katika wilaya niliyozaliwa, Kisarawe.

Karibu na mji wa Kisarawe, katika vilima vile vinavyoelekea Pugu, iko shule ya Minaki. Wengi wanaipita bila kujua kwamba shule ile ilitoka ng'ambo ya maji. Ilikuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, mali ya wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, nacho kikahamishiwa Minaki mwaka 1925. Wanafunzi wa mwanzo wa Kiungani walikuwa vijana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walitoka Nyasa, walitoka Uyao, walitoka bara ya mbali, wengine hawakukumbuka hata njia waliyopitishwa. Askofu Edward Steere, yule aliyekusanya hadithi za Waswahili wa Unguja na kuzitoa kitabu mwaka 1870, alikuwa ameweka kiwanda cha kupiga chapa, na vijana wa Kiafrika wakafundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Mwaka 1887 Arthur Madan, mwalimu wa hapo, alitoa London kitabu cha masimulizi ya vijana hao, waliyoyaandika wao wenyewe juu ya makwao na jinsi walivyotekwa. Mwaka uliofuata, 1888, pale pale Kiungani, likaanza gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi.

Hebu mfikirie mwandishi wa gazeti lile. Amemaliza masomo, ametumwa kufundisha Newala au Masasi au Magila, au Likoma kisiwani katika Ziwa Nyasa. Amekwenda kwa miguu siku nyingi. Hana ndugu wa damu anayemjua, maana ndugu aliwapoteza utumwani. Ndugu zake ni wale aliolala nao bweni moja Kiungani. Sasa anakaa chini kuandika habari za kituo chake, akijua barabara nani atakayezisoma. Anamjua kwa sura na kwa sauti. Sidhani alihitaji mtu wa kumfundisha namna ya kumvuta msomaji. Msomaji alikuwa anangoja kujua kama yeye yu hai.

Magazeti yaliyofuata hayakuwa hivyo yote. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na Kiongozi, gazeti la serikali lililochapwa Tanga, na baadaye, mwaka 1910, Pwani na Bara la wamisionari wa Kiprotestanti. Kiongozi lilipokea habari kutoka kwa walimu na makarani wa miji mbalimbali. Mtu anayemwandikia rafiki yake hali mkubwa wake wa kazi anachungulia begani huandika vingine. Simlaumu. Ninasema tu kwamba pale ndipo msomaji wa pili alipoingia chumbani, yule ambaye hukumwita, na ambaye mshahara wako uko mikononi mwake.

Kisha Waingereza wakaleta Mambo Leo, Januari 1923, chini ya Idara ya Elimu, Dar es Salaam. Nalo lilikuwa la serikali. Lakini watu waliligeuza likawa lao, na waliligeuza kwa mashairi. Mtu wa Tanga alitoa shairi la kuuliza, na mtu wa Lindi akamjibu miezi miwili baadaye, kwa vina vile vile, akimtaja kwa jina. Wa tatu akaingilia kuwaamua. Shaaban Robert ni mmoja wa waliokulia katika kurasa zile. Marehemu baba yangu alikuwa na nakala kadhaa zilizoliwa na mchwa pembezoni, na alikuwa akituimbia majibizano hayo jioni kama vile wenyewe wamekaa mkekani pamoja nasi.

Nataja mashairi makusudi, kwa sababu kuna atakayeniambia: mbona hata washairi huhesabu? Ni kweli. Mshairi wa pwani huhesabu mizani nane na nane, kumi na sita kwa mstari, na kina kikikosa anaonekana mwanagenzi. Kaluta Amri Abedi aliandika kitabu kizima cha sheria hizo mwaka 1954. Na simu za maandishi za posta, tulizokuwa tukilipia kwa neno, zilituhesabisha hata tukafuta salamu. Kwa hiyo sigombani na hesabu. Mizani huhesabiwa kwa ajili ya sikio la msikilizaji, na maneno ya simu yalihesabiwa kwa sababu ya mfuko wa mtumaji. Lakini mwisho wa waya alikuwapo mtu, na maneno matatu yaliyobaki yalikuwa yake.

Sasa nije kwenye habari yangu.

Tarehe 31 Desemba 1969, usiku wa kuamkia mwaka mpya, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima mia, sitini na saba hawajui kusoma. Mwaka 1971 TANU ikaazimia ujinga huo ufutwe nchi nzima kabla ya kwisha mwaka 1975. Walimu wa kutosha hawakuwapo, basi tukaitwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Ukijua a e i o u, wewe ni mwalimu. Nami nikapewa darasa katika kijiji kimoja upande wa Maneromango, chini ya mwembe, ubao umeegemezwa shinani, wanafunzi wangu wote wakubwa kwangu na wengine wakubwa kwa mama yangu.

Vitabu vilikuja vimeandikwa kwa kufuata kazi za watu: cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha uvuvi kwa wavuvi, na kadhalika. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hadi leo nalitetea. Mtu asome kile anachokigusa kwa mikono.

Katika darasa langu alikuwamo mama mmoja, makamo ya kutosha, ambaye siku ya kwanza alinijia baada ya wenzake kuondoka. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwalimu, mimi kitabu chako sikitaki chote. Nataka kuandika barua moja tu." Mwanawe alikuwa Tanga, katika mashamba ya mkonge. Barua zake zilikuwa zikisomwa na watu wengine na kujibiwa na watu wengine, na mambo ya nyumbani kwake yakawa yanajulikana kijiji kizima kabla ya kufika posta. Alitaka awe na siri yake.

Alijifunza kwa mwaka mmoja na kitu. Mkono wake ulikuwa mzito lakini kichwa kilikuwa chepesi. Nadhani ilikuwa mwaka 1972, msimu wa korosho umekwisha, aliponiletea karatasi ya daftari aliyoiandika peke yake. Hapakuwa na nukta wala herufi kubwa. Naikumbuka yote, maana haikuwa ndefu:

mwanangu baba yako hali njoo mimi mama yako

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Kisarawe. Neno lile nimelisikia tangu nikiwa mgongoni. Mgonjwa akisemwa kwamba hali, maana yake chakula hakipiti tena, na watu huanza kutazamana. Lakini nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na mtu mwenye kalamu nyekundu hupungukiwa na masikio. Nilisoma "baba yako hali" nikaona sentensi iliyokatika. Hali gani? Njema? Mbaya? Nikaona pia kwamba barua haina anwani, haina tarehe, haina salamu, haina dhumuni. Katika mtihani wetu wa shule kila kimoja cha hivyo kilikuwa na alama yake, nami nilikuwa nimepata alama zote.

Nikamwambia, "Mama, umejitahidi sana. Hebu tuiweke vizuri." Nikamwandikia mfano ubaoni, akaunakili kwa subira ya ajabu, mchana mzima. Barua ilisomeka hivi: Mwanangu mpendwa, salamu nyingi sana ziwe juu yako. Natumaini u mzima wa afya njema na unaendelea vyema na ujenzi wa taifa. Ama sisi huku hatujambo, ila hali ya baba yako si nzuri sana. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali na kukuomba, ukipata nafasi, uje utusalimie.

Alipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Njoo liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye "uje utusalimie". Akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa mwalimu.

Kijana alijibu baada ya majuma matatu. Alifurahi kusikia kwamba nyumbani hawajambo, akaleta shilingi ishirini kwa hawala ya posta za kumnunulia baba dawa, akaahidi kuja likizo. Barua ile ilifika baba amekwisha zikwa. Kijana mwenyewe alikuja siku za arobaini. Alikuwa na barua yangu mfukoni, naiita yangu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, akawaonyesha wazee kwamba hakuambiwa. Mama yake hakunitaja. Mwaka ule wote aliendelea kuja darasani, akikaa pale pale, na hakupata kunionyesha tena karatasi yoyote aliyoiandika.

Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka hamsini. Siku za mwanzo nilijitetea kwamba nilikosea neno moja. Baadaye nikaona kwamba neno lilikuwa kosa dogo. Hata kama ningelielewa "hali" sawasawa, bado ningeliandika katikati ya barua, baada ya afya njema na ujenzi wa taifa, kwa sababu huko ndiko mahali pake katika barua yenye alama kumi. Yule mama alikuwa na msomaji mmoja duniani, naye alimjua tangu tumboni. Mimi nilikuwa namwandikia msahihishaji wa mitihani, mtu ambaye hakuwapo Maneromango, hakuwapo Tanga, wala hakuwa na baba mgonjwa.

Mwaka 1975, mwezi wa Agosti, ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Watu zaidi ya milioni tano walikuwa wameandikishwa katika madarasa, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijawahi kulifanya, na takwimu za serikali zikaonyesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka kutoka asilimia 67 hadi 39. Mwaka 1986 zilionyesha asilimia chini ya kumi. Najivunia kwamba nilikuwamo. Lakini niliokuwa nao darasani nao walipangwa kwa hatua, ya kwanza hadi ya nne, na kuanzia miezi ya mwanzo ya mwaka ule sisi walimu tuliacha kufundisha kusoma tukafundisha mtihani. Tulijua aina ya sentensi zitakazotoka, tukawakaririsha. Wapo waliofaulu ambao baada ya miaka miwili hawakuweza kusoma tangazo la ushirika. Na yule mama wangu, aliyewahi kuandika maneno manane ambayo laiti yangefika yangemleta mtu kutoka Tanga kwa basi la kwanza, alipewa hatua ya pili. Maana yake hajafuzu.

Nisionekane nalaumu kila kitu cha zama zile. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu kama milioni mbili. Vikundi vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza, kisha kiongozi akasoma kijitabu kidogo chenye sentensi fupi, halafu ndipo kazi ilipoanza: mnasemaje? Kwetu tuna choo? Tutachimba lini? Aliyeandika kijitabu kile alikuwa amemfikiria mtu aliyekaa juu ya gogo, amechoka na shamba, mwenye shaka. Katika kikundi chetu mashimo ya vyoo yalichimbwa wiki ile ile. Tofauti ya maandishi yale na barua yangu niliiona hata wakati ule, ila sikuwa na maneno ya kuieleza.

Baadaye kazi ya elimu ya watu wazima ilinileta Kibaha. Wasiopajua wanadhani Kibaha ni kituo cha mabasi njiani kwenda Morogoro. Mwaka 1963 Tanganyika ilifanya mapatano na nchi za Nordiki, na pale msituni kikajengwa kituo chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Januari 1970 kikakabidhiwa kwetu, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Mimi nilichokipenda zaidi ni maktaba. Jioni nilikuwa nikikaa humo nasoma kurasa za barua za wasomaji katika magazeti ya zamani, na mchezo wangu ulikuwa kukisia kila barua imeandikiwa nani hasa. Nyingine zilianza na kumsifu mhariri kwa mistari sita ndipo zikasema daraja limevunjika. Hizo nilizijua. Mimi ni bingwa wa hizo.

Mtandao ulipokuja sikuutilia maanani. Lakini miaka ile ya 2004 na 2005 mwanangu alinionyesha kitu kilichonikumbusha Msimulizi. Watanzania waliotawanyika duniani walikuwa wanaandika kwa Kiswahili katika kurasa zao wenyewe. Ndesanjo Macha, aliyekuwa Marekani, alikuwa na ukurasa wake wa Jikomboe, na wenzake wakaziita kurasa hizo magazeti tando, neno ambalo kwa bahati mbaya halikushika sana. Septemba 2005 mpiga picha Issa Michuzi, akiwa safarini Helsinki, naye akaanzisha lake. Walikuwa wachache kiasi cha kujuana. Mmoja akinyamaza mwezi mzima, wenzake wanamwuliza yuko wapi, anaumwa? Ukiondoa umeme, tofauti yake na mwalimu wa Newala na mwenzake wa Magila ni ndogo.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, simu zikawa rahisi, wasomaji wakawa wengi mno hata hakuna anayewajua. Hapo ndipo mashine ilipopata kazi. Kampuni ya Google ilikuwa imeanza mwaka 1998 na wazo la busara: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine huenda una maana, basi utangulizwe. Facebook nayo mwaka 2006 ilianza kuwapangia watu kipi wakione kwanza. Kanuni hizo za kupanga ndizo zinazoitwa algorithimu. Wafanyabiashara wakagundua haraka kwamba ni rahisi kuifurahisha kanuni kuliko kumfurahisha mtu. Maneno yakarudiwarudiwa. Vichwa vya habari vikaahidi kisichomo ndani. Mwaka 2011 Google iliwashusha waliozidisha, na Agosti 2022 ilitangaza kwamba sasa itapandisha maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu. Niliposomewa tangazo hilo nilijiuliza swali la kipumbavu: basi sasa watu watajifunza namna ya kuandika ili waonekane wanaandika kwa ajili ya watu? Mjukuu wangu akaniambia mafunzo hayo tayari yanauzwa.

Hapa kwetu kulikuwa na jambo jingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kurasa wawe na leseni, na gharama yake kwa mwaka wa kwanza ilifika shilingi milioni mbili na laki moja. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, lakini wakati ule baadhi ya waandishi wadogo walifunga. Anayeandika kwa ajili ya ndugu zake arobaini hawezi kulipa kiasi kile. Anayeweza ni mwenye matangazo, na mwenye matangazo huhitaji idadi.

Nirudi kwenye korosho kumi na mbili.

Makala ya mjukuu wangu ilikuwa juu ya ubwiriunga. Kwa asiyeujua, ni ugonjwa wa ukungu unaofunika maua ya mkorosho kama aliyenyunyiziwa unga, maua yakakauka, na mkulima akaambulia majani. Uliingia katika mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, na wazee wa Kisarawe bado wanazitaja hasara zake. Dawa ya zamani ni salfa ya unga, na siri yake ni wakati: uanze maua yanapochomoza, usingoje uone mti mzima umekuwa mweupe, tena upulize alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, ili unga ushike. Yote hayo alikuwa amemwuliza bwana shamba akayaandika vizuri. Katika makala aliyoelekezwa kuiandika upya, maelezo ya wakati wa kupuliza yalitakiwa yashuke hadi aya ya tisa. Nikamwuliza kwa nini.

"Ili mtu ashuke kuyatafuta, Babu. Akishuka anapita matangazo. Na akikaa sana, mashine inaona makala ni nzuri."

Niliinuka nikaenda uani. Niliporudi nikamweleza habari ya barua ya Tanga, ambayo sikuwahi kumsimulia hata baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa Babu, nisipoandika wanavyotaka, nitalipwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ada ya mdogo wake inatoka katika kazi ile. Ni rahisi mzee mwenye kiinua mgongo kuhubiri habari ya msomaji wa kweli, barazani, huku akinywa chai iliyonunuliwa kwa korosho kumi na mbili. Alituma makala kama walivyotaka. Walibadilisha na kichwa, wakaweka maneno ya kushangaza ambayo sitayarudia, na akaniambia baadaye kwamba ilisomwa na watu wengi, au ilifunguliwa na wengi, kwani mashine haitofautishi.

Lakini jioni ile ile tulikaa tukaiandika mara ya pili. Nilimpa sharti moja: aiandike kwa ajili ya dada yangu wa Maneromango, ambaye ni bibi yake, ana mikorosho ya kutosha na macho yasiyopenda herufi ndogo. Alianza na kichwa cha habari chenye madoido, akakifuta. Akaanza na historia ya ugonjwa, akaifuta pia, akasema, "Bibi anaujua ugonjwa kuliko mimi." Mwishowe ikawa ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ulisema puliza maua yanapochomoza, alfajiri. Neno korosho, nililihesabu kwa utani, lilikuwamo mara mbili.

Tukaipeleka kwa mwenye stesheneri pale stendi, akatutolea nakala thelathini kwa herufi kubwa. Tulizifunga kwa mpira, mjukuu wangu akazifikisha Kisarawe mjini mwenyewe, na kondakta wa basi la Maneromango akazichukua juu ya dashibodi bila kudai nauli.

Siku ya nne simu ikalia. Dada yangu hakusalimu kwa kirefu. Alisema karatasi ameipata, ameisoma mwenyewe na miwani, na nyingine amewapa majirani. Kisha akataka kuongea na mwandishi. Nikampa mjukuu wangu simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umesema nipulize alfajiri. Sawa. Juzi nimepuliza, mchana kikanyesha kimvua kidogo. Nirudie au nisirudie? Hapo hukuandika."

Mjukuu wangu aliitazama ile nakala iliyobaki mezani, mbele na nyuma, kama kwamba jibu lingeweza kuwa limejificha mahali. Halafu akasema, "Bibi, sijui. Nipe mpaka jioni," akakata simu, akaanza kutafuta namba ya bwana shamba.